Barua ya wazi kutoka Lamu: Majina mwayaandika nyinyi, maswali twaulizwa sisi

Kwa wakuu wa usajili wa watu, wa uhamiaji na wa mambo ya nje,
Nairobi.

Waheshimiwa,

Assalamu alaikum. Baada ya salamu, nawaarifu kuwa naandika kutoka mtaa wa Langoni, Lamu, kwenye duka la kompyuta ambalo riziki yake kubwa ni kujazia watu fomu. Wapo wanaojaza wenyewe kwa simu zao, lakini wengi huja na bahasha ya vyeti, wakaketi, wakaniambia: "Nijazie." Hujaza za pasipoti kwenye eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), za viza, za umra, za wagonjwa waendao India, za vijana waendao kazi Uarabuni. Kisha wenye fomu husafiri, na wakirudi hupita dukani kunisimulia yaliyowapata kwenye kaunta za watu. Wengine husimulia kwa kicheko, wengine hawajatulia bado. Nimewasikiliza sana, na neno langu kwenu ni moja: kaunta ni ya ugenini, lakini swali linalomkwamisha mtu pale mara nyingi limetoka kwetu. Limo ndani ya karatasi alizopewa kabla hajapanda ndege.

Kwa hivyo siwaandikii mabalozi wa nchi za kigeni. Afisa wa huko husoma alichowekewa mbele. Walioandika ni nyinyi.

Nianze na majina, maana hapo ndipo penye shina la mambo, na nikichelewa hapo mnisamehe.

Mtu wa huku ana jina lake, kisha la babake, kisha la babu yake. Majina ya koo tunayo, ila ya wengi hayamo kwenye vitambulisho. Mwanamke akiolewa habadilishi kitu. Ni binti wa babake kabla ya harusi na baada ya harusi, mpaka siku anaingia kaburini. Sasa tuchukue nyumba moja ya mfano. Baba ni Ali Omar Shee. Mkewe ni Mwanaesha Bakari Lali. Mtoto wao ni Salim Ali Omar. Hapa Lamu hakuna asiyeielewa nyumba hiyo, hata mtoto wa chuo cha Kurani atakueleza nani ni nani. Lakini pasipoti yataka jina la familia likae peke yake kwenye kisanduku chake, na linalotiwa humo ni lile la mwisho. Basi baba akawa Shee, mama akawa Lali, mtoto akawa Omar. Watu watatu wanaokula sinia moja, na kwenye karatasi kila mmoja ana ukoo wake. Hata baba na mwanawe wa kumzaa hawana jina la familia linalofanana.

Nchi za Ghuba jambo hili haliwasumbui sana, kwa kuwa nao huitana kwa nasaba vivyo hivyo: fulani bin fulani. Mtu akisimama kaunta ya Muscat na mkewe, hakuna atakayeshangaa kwamba majina yao ni tofauti. Kazi huanza akielekea kwingine.

Nitoe kisa kimoja kwa urefu, kwa idhini ya mwenyewe. Ni mama wa mtaa wa Mkomani. Mumewe ni baharia, na meli yake ilikuwa imewekwa bandarini miezi kadhaa kwenye mji mmoja wa Ulaya ikifanyiwa matengenezo. Mama akapata viza, yeye na mwanawe wa miaka saba, wakaenda kumtembelea. Walipofika dirishani afisa akazifungua pasipoti mbili, akatazama, akatazama tena. Kiingereza cha mama ni cha shule, lakini maswali yalikuwa mepesi.

"Huyu mtoto ni wa nani?"

"Wangu."

"Mbona jina lake si lako?"

"Ni la babake."

"Babake anaitwa nani?"

Mama akataja jina la mumewe, majina yote matatu kama yalivyo. Afisa akaandika, akalitazama la mwisho, akalilinganisha na la mwisho la mtoto.

"Mbona basi si la babake?"

Mama akaeleza kuwa la mtoto ni la babu, na la baba ni la babu wa baba. Jaribuni nyinyi kueleza hayo kwa Kiingereza cha shule, nyuma yenu kuna foleni ya watu wa ndege nzima. Akaona bora atoe cheti cha kuzaliwa cha mtoto, ambacho nilimwambia asikiache nyumbani. Hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Cheti kimemwandika mama wa mtoto kuwa ni "Mwana Esha", maneno mawili. Pasipoti yake yasema "Mwanaesha", neno moja. Afisa akaviweka bega kwa bega, akatia kidole chake kwenye ile nafasi iliyo baina ya Mwana na Esha, akauliza: "Na huyu ni nani?"

Wakapelekwa chumba cha pembeni. Mama akawekwa huku, mtoto akachukuliwa kule na mwanamke mmoja wa kazini hapo. Mtoto akaulizwa aliyekuja naye ni nani wake. Mtoto kimya. Mamake alikuwa amempiga marufuku tangu Mombasa asizungumze na mtu asiyemjua, na mtoto wa watu akashika amri. Kimya chake kikaandikwa. Muda wote huo mume yuko nje, upande wa wanaopokea wageni, koti la mtoto mkononi kwa sababu ya baridi, hajui kwa nini abiria wote wa ndege ile wametoka na wake hawajatoka. Waliachiliwa baada ya yeye kutafutwa na kuonyesha kwenye simu yake picha ya cheti cha ndoa cha kadhi. Cheti hicho nacho, kwa bahati, kilikuwa na Mwanaesha neno moja.

Yule afisa simlaumu. Watoto huibwa, watoto huuzwa, na nchi nyingi zimekaza kamba. Afrika Kusini ilipotia kanuni yake ya Juni 2015 ikawataka wazazi wasafirio na watoto wabebe cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Baadaye ililegeza baada ya wenye biashara ya utalii kupiga kelele. Afisa anayemtilia shaka mtu mzima aliyebeba mtoto wa jina jingine anafanya kazi yake. Ningependa hata wetu wawe macho namna hiyo.

Ninalouliza ni hili: ile nafasi baina ya Mwana na Esha aliitia nani? Si mama. Mama hajawahi kuandika jina lake kwenye karatasi yoyote ya serikali, ameandikiwa. Alipojifungua, aliyeandika ni muuguzi, kisha karani wa vizazi akanakili. Alipochukua kitambulisho akaandika karani mwingine, kwa mkono mwingine na sikio jingine. Hakuna hata mmoja aliyemgeuzia karatasi akamwambia: tazama, ndivyo?

Na nafasi ile kwa mashine si kitu kidogo. Mkifungua ukurasa wa picha wa pasipoti, chini kuna mistari miwili ya herufi zilizosimama kama askari. Kila mstari una nafasi 44, ndivyo yalivyo makubaliano ya usafiri wa anga duniani. Mstari wa juu huanza na herufi P na nafasi moja baada yake, kisha KEN ya nchi yetu, na zinazobaki ni nafasi 39 za jina. Humo hamna koma ya juu wala kistari. Kuna A mpaka Z, na kialama kinachofanana na mdomo wa samaki kujazia palipo wazi. Mwana Esha akiandikwa mbalimbali, kialama hicho huingia katikati. Kompyuta ya kaunta haina shangazi Lamu wa kumuuliza. Kwake hao ni wanawake wawili.

Tuje kwa wanaume. Jina la Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kwa herufi za Kiarabu lina maandishi mamoja tu, Makka na Lamu na Jakarta. Kwa herufi za Kizungu nimewahi kushika bahasha ya mzee mmoja yenye Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na Mohammed kwenye pasipoti yake ya zamani. Mzee ni mmoja, kanzu ni moja, na karatasi zasema ni watu watatu. Athman huandikwa Athuman. Swaleh huandikwa Saleh, kisha Salehe, kutegemea karani ametoka wapi. Tiketi ya ndege ikikatwa kwa maandishi ya kitambulisho na pasipoti ina maandishi mengine, mtu hukwama hata kabla ya kuondoka.

Na kuna hili la Bwana. Wenye kuitwa Bwana huku ni wengi, ni jina la mtu alilopewa siku ya saba kama majina mengine. Mteja wangu mmoja alirudi na karatasi ambayo Bwana wake ameondolewa, kwa sababu aliyeandika alidhani ni heshima tu, akaona serikali haiwaiti watu mabwana. Nilicheka. Yeye hakucheka, alikuwa na safari ya India wiki iliyofuata, na hospitali ilikuwa imemwandikia barua ya mwaliko kwa jina lake kamili.

Sasa kusahihisha. Kosa la karani latengenezwa na mwenye jina, kwa fedha za mwenye jina. Hati ya kiapo kwa wakili. Kama mabadiliko ni makubwa, hati ya kubadili jina na tangazo kwenye gazeti rasmi la serikali. Boti hadi Mokowe, basi la alfajiri hadi Mombasa, kushuka kwenye vizuizi vya barabarani kuonyesha kitambulisho (kile kile kilichokosewa), malazi, na kurudi tena kuchukua. Pasipoti yenyewe ya kurasa 34 ni shilingi 7,500. Wengi wakipiga hesabu huamua kusafiri na kosa lao, wakimwomba Mungu aliyeko kaunta awe amechoka siku hiyo.

Ninaloomba hapa si kubwa. Kabla ya kitambulisho au cheti cha kuzaliwa kuchapishwa, mwenye jina aonyeshwe jina lake kwa herufi kubwa, na asiyesoma asomewe herufi moja moja, kisha atie sahihi au kidole kwamba ndivyo. Kosa la karani lisahihishwe bure, hapa hapa kaunti, bila wakili. Mmeleta Maisha Namba, mkasema itamfuata mtu tangu kuzaliwa hadi kufa. Vyema. Lakini namba itakayomfuata mtu maisha na jina lililokosewa itamfuatisha na kosa maisha, basi huu ndio wakati wa kusafisha daftari kabla halijakauka wino.

Na pasipoti nayo yaweza kusaidia. Pasipoti za India kwa miaka mingi zimebeba majina ya baba, mama, na mume au mke kwenye ukurasa wa mwisho. Zetu zina kurasa 34 au zaidi. Ukurasa mmoja wa kusema mtoto huyu ni wa mama huyu na baba huyu hauwezi kuwa mzigo. Ungekuwapo siku ile, mtoto wa Mkomani asingeulizwa mamake ni nani.

Wizara inayohusika na mambo ya nje nayo ina jambo jepesi la kufanya: kuziandikia balozi zilizoko Nairobi karatasi moja inayoeleza jinsi watu wa pwani na wa kaskazini wanavyoitana. Wasomali, Waborana, Wabajuni, na sisi Waamu wa hapa Lamu, sote twafuata nasaba. Maafisa wa viza wakijua hilo mapema, nusu ya maswali huisha kabla ya safari.

Baada ya jina, mahali pa kuzaliwa. Nalo limo kwenye pasipoti, limechapishwa waziwazi: Lamu, Faza, Kizingitini, Kiunga. Kijana wa Kiunga aliniambia afisa alilisoma neno hilo, akageukia kompyuta yake, akabonyeza, akageuka na uso mwingine. Alichokiona ni kile ambacho yeyote atakiona: mpaka wa Somalia, mashambulizi, Mpeketoni Juni 2014, maonyo ya nchi za nje kwa raia wao. Akaulizwa kama anajua watu fulani, kama amewahi kuvuka, babake avua samaki wapi. Kijana akajibu kwa ukweli kwamba babake huvua pale pale ambapo babu yake alivua, na kwamba samaki hawana mpaka. Sikumpa alama kwa jibu la pili. Mimi huwaambia wateja: jibu ulichoulizwa, likiisha nyamaza, na utani uache Lamu.

Lakini kuna swali jingine aliloulizwa kijana huyo, na hili ni lenu. Afisa alitaka kujua kwa nini kitambulisho chake cha kwanza kimetoka akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, ilhali Wakenya huchukua wakifika miaka 18. Angejibu nini? Kwamba nchi yake ilimpiga msasa kwanza, ikamweka mbele ya kamati, ikamuuliza babu yake alizikwa wapi, akarudishwa, akaitwa, akarudishwa tena? Ukimwambia afisa wa kigeni kwamba serikali yako yenyewe ilikutilia shaka, umempa sababu ya kukutilia shaka na yeye. Februari 2025 rais alitangaza kuwa msasa huo wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani umekwisha. Twashukuru. Waliocheleweshwa kabla ya hapo, hata hivyo, tarehe zao zimeshachapishwa na wanatembea nazo. Barua fupi ya ofisi husika, kwamba kuchelewa huku kulikuwa ni kwa utaratibu wa serikali wala si kwa kosa la mwenye kitambulisho, ingewatosha. Wapo wengi ambao wangeipanga kwenye bahasha zao hata leo.

La kadi ya manjano nitalipitia haraka. Tangu tarehe 11 Julai 2016, kwa kanuni za afya za kimataifa, chanjo ya homa ya manjano yatosha maisha; hakuna tena kuirudia kila baada ya miaka kumi. Lakini kadi za zamani zina maandishi ya zamani, na kwenye mpaka mmoja wa jirani zetu mama mzee anayekwenda Tanga kwenye arusi aliambiwa kadi yake ya 2009 "imekufa", achanjwe tena au azungumze vizuri. Mnajua maana ya kuzungumza vizuri. Alizungumza vizuri, shilingi za Kenya. Hili lataka wakuu wa pande mbili wakae, kisha tangazo kwa Kiswahili, kubwa, ukutani, pande zote mbili za mpaka, lenye tarehe ile. Watu wa Lamu na Tanga na Unguja wameoana tangu enzi za majahazi. Itifaki ya soko la pamoja la Afrika Mashariki imeanza kazi Julai 2010. Na bibi wa watu anatozwa fedha kwa kadi isiyokwisha.

Sasa niwageukie maafisa wetu wenyewe, wale wa kutoka. Maana si kila kaunta yenye vitisho iko ng'ambo. Msichana wa hapa Lamu, viza anayo, tiketi anayo, shangazi yake aliyemlea amemwita Oman akamuuguze. Kwenye uwanja mmoja wa ndege hapa hapa nchini akatolewa kwenye foleni. Nani amekulipia tiketi? Shangazi yako ana kazi gani? Mbona huna fedha za kutosha? Akaambiwa akae. Akakaa mpaka ndege ikaondoka. Hakupewa karatasi, hakuambiwa jina la aliyemzuia, tiketi ikaungua.

Najua hofu yenu. Mabinti wetu wameuzwa, wengine wamerudishwa ndani ya majeneza, na vijana wamedanganywa kazi za kompyuta wakajikuta wamefungiwa nchi za mbali. Nami nimekataa kujaza fomu za mawakala ambao macho yao hayakunipendeza. Kumuuliza msichana maswali si kosa. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 39, yasema kila mtu ana haki ya kuondoka Kenya, na kifungu cha 47 chasema anayeguswa haki yake na uamuzi wa ofisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi. Nchi za Ulaya zenye viza moja ya Schengen, ambazo twazilalamikia kila siku, zikimnyima mtu viza humpa fomu yenye sababu iliyotiwa alama, na njia ya kukata rufaa imeandikwa. Wanakula euro zake 90 hawazirudishi, hilo kweli, lakini karatasi wanampa. Iweje Mkenya apate karatasi kwa mgeni aliyemkataa, na kwao asipate hata jina?

Fanyeni fomu ya ukurasa mmoja: nimemzuia fulani, saa fulani, kwa sababu fulani, sahihi na namba ya kazi. Mwenye sababu nzuri hataogopa kuiandika. Na msichana yule angekuwa na kitu cha kuwapelekea wenye ndege, na cha kumwonyesha shangazi yake, ambaye mpaka leo anadhani aliamua tu kutokwenda.

La mwisho ni simu. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mabalozi wadogo, ambao Kenya imo, kifungu chake cha 36 chasema raia akikamatwa nchi ya watu aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ubalozi wake ujulishwe, na akitaka, wajulishwe. Na watu wa ubalozi wana haki ya kwenda kumwona. Hii ni haki nzuri mno, niliichapisha nikaibandika dukani. Lakini haki hiyo inaishia kwenye kifaa kinacholia juu ya meza. Mteja wangu alizuiwa usiku wa kuamkia Ijumaa kwenye uwanja wa nchi moja ya Ghuba, kwa sababu jina lake lilifanana na la mtu anayetafutwa (Mohamed Ali mmoja miongoni mwa maelfu na maelfu, wallahi). Wakamruhusu kupiga simu. Akapiga namba ya ubalozi wetu iliyoko kwenye mtandao. Ikalia mpaka ikakatika. Huko wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Akajua kwamba mpaka Jumapili hana mtu. Akampigia mwanawe Lamu, mwanawe akaja kunigongea mlango, nami nikaketi kwenye kompyuta saa nane za usiku nikitafuta namba nyingine, na nyingine. Aliyetusaidia mwishowe ni Mwamu mwenzetu anayefanya kazi ya udereva mji ule, aliyekwenda uwanjani mwenyewe na nakala ya alama za vidole kutoka kazi ya zamani ya yule mzuiliwa. Si ubalozi. Dereva.

Tunataka namba moja kwa kila ubalozi inayopokelewa usiku na sikukuu, na mpokeaji ajue Kiswahili. Hili la Kiswahili nalitilia mkazo kwa sababu nimesikia mama wa Kipate akijieleza kwa ofisa wetu mwenyewe ng'ambo, naye akimjibu kwa Kiingereza, hali wote wawili ni Wakenya. Mtu aliyeshikwa na hofu hurudi kwenye lugha ya mamake. Namba hiyo ichapishwe ndani ya jalada la pasipoti, si kwenye tovuti inayobadilika kila waziri akibadilika. Mtu akizuiliwa simu yake yaweza kuchukuliwa, lakini mara nyingi pasipoti iko pale mezani mbele ya afisa.

Hayo ndiyo ninayoyaona kutoka kwenye kiti changu. Wageni waja hapa Shela kutoka pembe zote za dunia, wajaza kibali chao kwenye mtandao, wapiga picha punda na milango ya kuchonga, na hakuna mwenyeji anayewauliza kwa nini mke na mume hawana jina moja. Twawakaribisha, ndiyo desturi yetu, na twawaomba nyinyi mtuandae ili nasi tukifika kwao tuwe na karatasi zilizonyooka.

Nakala ya barua hii nampelekea mbunge wetu na ofisi ya kaunti. Naomba jibu, na jibu hilo lije kwa maandishi, nilibandike mlangoni pa duka watu walisome wenyewe. Afisa wenu yeyote akipenda kuja kuketi nami asubuhi moja azione hizo bahasha, karibu sana. Duka liko wazi tangu saa mbili, nafunga kwa sala ya adhuhuri, na Ijumaa ni nusu siku. Akija, aje na muhuri wa kusahihishia.

Wasalaam,

Mjaza fomu,
Langoni, Lamu.